Chujio Ni Lako, Mto Ni wa Nani?

 

Leo tutafakari kuhusu kitu ambacho huenda hukutegemea kukikuta kwenye tafakari: chujio la maji. Sizungumzii lile kubwa linalokaa jikoni. Nazungumzia lile dogo la kusukuma kwa mkono, ambalo wapanda milima hulibeba kwenye begi la mgongoni. Mimi ninalo moja. Na kila tunapopanga safari ya vijana ya kupanda mlima na kulala kambini, swali lilelile hurudi kwenye kundi letu la WhatsApp: mwenye chujio anadaiwa kumchujia asiye nalo, au kila mtu abebe msalaba wake?

Wengi hulijibu kwa utani. Lakini ukilitazama vizuri, ni swali la dhamiri. Nikiwa na uwezo wa kujikinga na hatari ambayo wenzangu wote wanayo, uwezo huo unanipa uhuru, au unanipa wajibu?

Kwanza nieleze kifaa chenyewe kwa wale ambao hawajakiona. Kina mipira miwili. Mmoja unautumbukiza mtoni. Una kichujio kidogo mwishoni cha kuzuia majani na mchanga. Mwingine unautia kwenye chupa yako safi. Katikati kuna pampu ya mkono, na ndani kuna kauri au nyuzinyuzi zenye matundu madogo mno. Chujio la kawaida la aina hii huwa na matundu ya mikroni 0.2, yaani chukua milimita moja uigawe vipande 5,000. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawapiti hapo. Amiba na giardia, wale wanaotuletea kuhara, hawapiti pia. Unasukuma, na baada ya dakika moja hivi una lita moja.

Ila kuna mambo ambayo chujio hili haliwezi. Virusi ni wadogo kuliko matundu hayo, kwa hiyo mahali ambapo watu wanajisaidia karibu na maji, bado inabidi uchemshe au utie dawa ya klorini. Chumvi na sumu za shambani zilizokwisha kuyeyuka majini nazo hupita. Kauri peke yake haiwezi kuzishika. Tafadhali liweke hili akilini, tutalihitaji mbele.

Sasa turudi kwenye swali. Mwenzetu mmoja aliwahi kusema waziwazi: "Hela yangu, chujio langu, maji yangu." Ni hoja nzito, tusiidharau. Kanisa halikatai mtu kuwa na mali yake. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anafundisha kwamba ni halali mtu kumiliki vitu, kwa sababu kila mmoja hutunza kwa bidii zaidi kile kilicho mikononi mwake. Na kweli, chujio la "wote" ndilo linalorudishwa begini likiwa na matope. Lakini hapohapo Thoma anaongeza upande wa pili: katika kukitumia, mtu akihesabu kama cha wote, awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Umiliki unajibu swali la nani akitunze. Swali la kitamfaa nani linabaki wazi.

Halafu kuna ndugu mmoja, msomaji mzuri wa Biblia, akaleta hoja iliyotunyamazisha wote. Akasema: "Mbona wale wanawali watano wenye busara, Mathayo sura ya 25, hawakugawa mafuta yao? Na Yesu akawasifu!" Jamani, hapo hata mimi nilibaki nawaza usiku kucha.

Nilichokuja kukiona ni hiki. Mafuta ya taa yakiingia kwenye taa yako, hayapo tena kwenye yangu. Hivyo hivyo maji yaliyomo kwenye chupa yangu: ukiyanywa wewe, mimi nimekosa. Lakini chujio ukilitumia wewe, mimi nimechelewa tu. Mto bado unatiririka, pampu bado ipo, kinachopungua ni muda wangu na nguvu za mkono wangu. Tena mafuta ya mfano ule ni utayari wa moyo, kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kumkopesha mwenzake Bwana arusi akishafika. Kiu ya koo si hivyo. Kiu ya koo mwenzako anaweza kukuondolea.

Na usiishie mstari wa 13. Endelea kusoma sura ileile. Kabla haijaisha, Mfalme ameketi kwenye kiti chake, anawapokea wale waliompa maji alipokuwa na kiu, nao wanashangaa, hawakumbuki ni lini walimwona. Sura moja inayo mambo yote mawili: jiandae wewe mwenyewe, na mpe maji mwenye kiu. Kwa hiyo busara ya kubeba chujio ni nzuri, na haiwezi kuwa kisingizio cha kumwacha mwenzako anywe tope.

Je, wajibu huo hauna mpaka? Tuwe wakweli. Tukiwa vijana 14 na kila mmoja anahitaji lita 3, hizo ni lita 42. Kwa lita moja kwa dakika, ni dakika 42 za kusukuma bila kupumzika, na kauri ikianza kuziba unasimama, unaifungua, unaisugua, unaendelea. Kila ukiisugua inalika kidogo, siku moja itabidi inunuliwe nyingine. Upendo haumtaki mtu mmoja awe mtumwa wa wengine 13 wanaopiga picha. Anayekunywa na asukume. Anayeshindwa kusukuma aokote kuni, au achangie shilingi kadhaa za kauri mpya. Mwenye chujio anadaiwa kulitoa. Wenzake wanadaiwa kutomchosha. Hiyo ni haki, na upendo bila haki huishia kwenye manung'uniko.

Basi hapo mimi nilidhani swali limekwisha. Halijaisha, na aliyenionyesha hivyo ni mama mmoja wa Kiluguru.

Tulikuwa kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, tumeweka mabegi chini kando ya kijito, chujio linapita mkono hadi mkono. Mama yule akaja na ndoo yake na mtoto wa kike nyuma. Tukamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia vizuri, akasimama anatazama kifaa. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Mama, lete ndoo tukuchujie." Akacheka. Akasema, "Ahsanteni wanangu, hicho kidude chenu ni kizuri. Lakini mkishamaliza kunywa, mtaoga wapi?"

Hakuna aliyejibu. Akatuonyesha kwa mkono, hatua chache bondeni, penye mawe mawili makubwa. "Sisi tunateka pale."

Hakuwa anahitaji tumpe maji safi. Alikuwa anaomba tusimchafulie aliyonayo. Na kwa kweli alikuwa ametambua jambo ambalo sisi, na mabishano yetu yote ya Mtakatifu Thoma na wanawali kumi, hatukuwa tumeligusa. Tulikuwa tunauliza tuwagawie akina nani maji tuliyoyasafisha. Hatukuwa tumeuliza tunawaachia akina nani maji tunayoyatumia.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kiroho ya chujio, na naisema kama mtu anayelipenda chujio lake. Asiye na chujio analazimika kuujali mto. Akiona mtu anafua juu, atapanda kumsemesha, kwa sababu uchafu ule utaingia kwenye kikombe cha mtoto wake. Mwenye chujio anaweza kuona uchafu uleule akasema moyoni, "Mimi haunihusu, nitachuja." Kifaa kinacholinda tumbo langu kinaweza taratibu kunifanya nisiwe mtu wa mto ule tena. Na usidhani ni mlimani tu. Mwenye kisima chake huacha kuuliza kwa nini bomba la mtaa ni kavu. Mwenye hela ya maji ya chupa huacha kuuliza kwa nini watoto wa shule ya jirani wanaumwa matumbo kila masika. Kila tunapopata njia ya kujikinga peke yetu, tunajaribiwa kuondoka kwenye meza ya wenzetu.

Tena ni udanganyifu, kwa sababu hatujatoka. Vijito vya upande ule wa Uluguru huingia Mto Morogoro, ambao huingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu. Na Ruvu ndio mto unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Wengi wetu katika safari ile tulitokea Dar! Yaani yule "mtu wa bondeni" tuliyekuwa hatumfikirii alikuwa ni mama zetu wenyewe nyumbani, na ni sisi wenyewe wiki ijayo. Na kumbuka lile nililokuomba uliweke akilini: virusi na sumu za shambani chujio haliviondoi. Kwa vitu hivyo, kinga ya maana zaidi ni mtu wa juu kuwa na dhamiri. Hakuna kauri inayoweza kuchukua nafasi ya jirani mwema.

Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 anafundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, na kwamba dunia inayowanyima maskini maji hayo ina deni kwao. Hata sheria yetu ya nchi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Mita 60! Ni umbali uleule ambao wapanda milima wazoefu hushauriana kukaa mbali na maji wanapojisaidia au kuoga. Sheria na uzoefu vinakubaliana hapo.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali la WhatsApp ni hili: ndiyo, unadaiwa, na deni ni kubwa kuliko ulivyodhani. Unadaiwa na mwenzako wa safari, mtumie chujio pamoja. Na unadaiwa na mtu wa bondeni usiyemwona, umwachie mto kama ulivyoukuta. Deni la pili halilipwi kwa kusukuma pampu. Linalipwa kwa kuteka maji kwenye ndoo na kwenda kuoga mbali, nchi kavu. Linalipwa kwa kuchimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na kijito, na kulifukia. Linalipwa kwa kubeba takataka zako kurudi nazo mjini, na kumwambia rafiki yako kwa upole, "Ndugu, hapo kuna watu wanateka chini."

Wiki hii jiulize: chujio langu mimi ni lipi? Inawezekana hujawahi kupanda mlima hata mara moja. Lakini huenda una bima wenzako hawana, una ada iliyolipwa, una mjomba mwenye cheo. Vyote ni vizuri, mshukuru Mungu. Ila je, vimekufanya uwe karibu zaidi na wanaokunywa mto huo bila kinga, au vimekufanya uache kuutazama?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyeketi kisimani umechoka, ukamwomba maji mwanamke Msamaria aliyekuwa na mtungi, utufundishe kukuona kwa kila mwenye kiu, yule tunayemwona na yule aliye bondeni. Utulinde tusiwe watu wa kujisafishia vikombe vyetu na kuwachafulia wengine mto. Mama Maria, Mama wa Shauri Jema, utuombee. Amina.

Tafakari njema, na safari njema kwa wote mnaopanda mlima likizo hii. Msisahau ndoo.