Sitara na Ufa

Katika uwanja wa Kibondo, ambamo ndege ndogo zimekuwa zikiwaleta wahudumu wa wakimbizi wa Burundi waliohifadhiwa kambi ya Nduta, nimemwona rubani akiizunguka ndege yake kabla ya kupaa na kuupapasa ukingo wa bawa kwa kiganja, kama mfugaji wa Buha apapasavyo mbavu za ng'ombe wake. Nikajiuliza, je, mwenye kutawakali kwa Mola ana haja gani ya kupekua?

Wengi hujibu upesi kwamba dua na juhudi havigombani. Nakubali, lakini jibu hilo halifiki penye shida, kwani shida yenyewe ni sitara, ile neema tuiombayo asubuhi na jioni ili aibu zetu zisionekane.

Tarehe 14 Mei 1977 ndege ya mizigo aina ya Boeing 707, iliyotoka London ikapitia Athens na Nairobi, ilikatika bawa dogo la mkiani upande wa kuume ilipokuwa ikikaribia kutua Lusaka, na watu wote 6 waliokuwamo wakafariki. Ilikuwa imeruka zaidi ya saa 47,000, na madini nayo huchoka: ufa ulianzia kwenye tundu la kifungio katika mhimili wa bawa lile, ukajongea safari baada ya safari. Wala waundaji hawakuwa wazembe. Walikwisha kutia kiungo cha akiba katikati, ili cha juu kikivunjika mzigo upokewe na mwenziwe. Ajabu ni kwamba hisani hiyo ndiyo iliyouficha ufa, maana ndege iliruka kama nzima, na ukaguzi wa nje uliowekwa haukutosha kuugundua ufa ungali haujakikata kiungo chote. Methali yetu ya ufa na ukuta humfaa mwenye nyumba auonaye ufa; hapa hapakuwa na aliyeuona.

Mwaka 1978 kanuni za Marekani zikageuzwa: haikutosha tena muundaji kuthibitisha kuwa kiungo kimoja kikivunjika kingine kitabeba, bali sharti aonyeshe pia ni kwa ukaguzi gani, na baada ya safari ngapi, ufa utagunduliwa kabla haujaua. Leo hupelekwa ndani ya madini mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyapati, mwangwi wake ukasomwa. Na ziko ndege zilizogandishwa vitambuzi mwilini mwake, visikilize daima. Kwa mtazamo wangu huko si kumshuku Mungu. Sitara ni muhula, na mwenye kupewa muhula huulizwa aliufanyia nini.

Nayasema haya nami si msafi. Miaka mingi nyumbani kwetu marehemu dada yangu ndiye aliyekuwa kiungo cha katikati: madeni yangu akiyalipa yeye kwa siri, hasira zangu akizimeza yeye, na majirani wakinisifu kuwa mtu mpole. Alipofariki, arobaini yake haijatimia, walikuwa wakinisikia kutoka barabarani.