Tunaidai Nini Sehemu ya Pili?

Kila mwendelezo wa gemu kubwa unapotoka, wachezaji hugombana kwa wiki kadhaa. Wengine husema umeharibiwa, wengine husema ni bora kuliko wa kwanza. Chini ya kelele hizo kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa kwa maneno yaliyonyooka: yale niliyoyafanya katika sehemu ya kwanza, yana uzito wowote sasa? Watu wazima wakisikia ubishi huu hudhani ni utoto. Mimi naona ni swali la maadili, na sisi tulioko Nachingwea na Ruangwa tuna sababu zetu za kulijibu.

Nitatumia mfano wa Dragon Age, kwa kuwa ndiyo niliyoicheza mpaka nikaota ndoto zake. Sehemu ya kwanza, Origins, ilitoka mwaka 2009. Waliotengeneza ni BioWare, kampuni ya Edmonton, Kanada. Ni gemu ya kuvaa uhusika: unaingia katika dunia ya wachawi na majoka, unapewa mtu wa kumwongoza, halafu unatakiwa uamue. Kuna mji wa watu wafupi waishio chini ya ardhi, nao unatafuta mfalme. Mgombea mmoja ni katili, lakini yuko tayari kuwainua wanyonge ambao desturi inawatupa nje ya ukoo. Mwingine ni mzee muungwana, lakini atailinda desturi hiyohiyo. Hakuna anayekuonyesha jibu sahihi. Unachagua, unaondoka, na uamuzi unabaki kifuani.

Kilichotufanya tuipende gemu hii ni ahadi iliyokuja baadaye. Sehemu ya pili, mwaka 2011, iliweza kusoma faili ulilosevu kwenye ya kwanza. Sehemu ya tatu, Inquisition ya mwaka 2014, ilikuja na tovuti maalumu ya kuandikisha maamuzi yako ya nyuma. Kama shujaa wako wa 2009 alibaki hai, uliweza kupokea barua yake. Barua tu, wala yeye mwenyewe hatokei. Lakini ukiisoma unajua kwamba dunia hiyo haijamsahau.

Kisha ikaja sehemu ya nne, The Veilguard, tarehe 31 Oktoba 2024. Safari hii gemu ilikuuliza mambo matatu tu, yote ya sehemu ya tatu. Ya 2009 na 2011 hayakuulizwa. Hadithi ilihamishiwa kaskazini mwa bara lile, na kusini, ambako wachezaji walikuwa wamepigana kwa miaka 15, kukabaki katika barua zinazoleta taarifa kwamba mambo yanazidi kuharibika huko. Neno hilo, kusini, halipiti kirahisi masikioni mwa mtu wa Lindi. Tumezoea kusikia habari zetu zikisomwa mahali pengine.

Januari 2025 wenye kampuni, EA, walitangaza kwamba gemu hiyo ilifikia wachezaji wapatao milioni 1.5, karibu nusu ya walivyotarajia. Sababu zilikuwa nyingi, na sehemu ya kelele yenyewe ilikuwa matusi matupu kwa watengenezaji, ambayo sina haja ya kuyatetea. Mimi nataka kulipima lalamiko moja tu, la wale waliosema: mmetusahau.

Kompyuta tuliyochezea ni ya binamu yangu wa Ruangwa, na ubishi wetu kuhusu jambo hili haujaisha hadi leo. Yeye yuko upande wa watengenezaji.

"Binamu, ulitaka wakutengenezee gemu yako peke yako?" huniuliza.

"Nilitaka wanikumbuke."

"Wakukumbuke wewe, au wakufanyie unavyotaka?"

Sisi kwetu binamu ni mtani, kwa hiyo swali hilo lilikuja na kicheko. Hata hivyo ni swali zito, na hesabu iko upande wake. Chukua maamuzi 10 ya ndiyo au hapana. Ukiyafuata yote kwa ukamilifu, unapata dunia 1,024 tofauti. Yakiwa 20, dunia zinapita milioni moja. Hakuna waandishi wa kutosha popote kuandika hadithi milioni moja. Ahadi kwamba kila ulichofanya kitabadilisha kila kitakachofuata haiwezi kutimizwa, na anayekudai lisilowezekana hakutendei haki, hata kama anakupenda.

Mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilitoa Mass Effect 3, ya vita vya angani, na wachezaji wengi waliukataa mwisho wake. Walishinikiza mpaka mwezi Juni mwaka huo ikatolewa nyongeza ya bure iliyouongezea mwisho huo matukio na maelezo. Naelewa uchungu wao. Lakini hapo ndipo ninapokubaliana na binamu. Msimulizi anayebadilisha kisa kila wasikilizaji wakipaza sauti, mwishowe hana kisa, ana foleni ya maombi. Bibi aliyetusimulia hadithi usiku hakuwa tayari kumfufua sungura kwa sababu mtoto mmoja analia.

Kwa hiyo natenganisha madai mawili ambayo wachezaji huyafunga kitita kimoja. Kuna kudai kutiiwa, na kuna kudai kukumbukwa. Anayetaka kutiiwa anasema: hadithi iende nilikotaka. Anayetaka kukumbukwa anasema: iende inakokwenda, ila isijifanye kwamba sikuwepo. La kwanza hatuna haki nalo. La pili tunayo.

Ushahidi mzuri ni Baldur's Gate 3. Sehemu ya pili ya mfululizo huo ilitoka mwaka 2000. Ya tatu ilikuja mwaka 2023, ikiwa mikononi mwa watu wengine kabisa, Larian wa Ubelgiji. Walibadilisha namna ya kupigana, wakaiweka hadithi zaidi ya miaka mia moja mbele, wala hawakusoma faili la mtu yeyote. Wakongwe wengine walinung'unika, na baadhi hawakupenda namna wahusika fulani wa zamani walivyorudishwa. Hata hivyo ilipendwa sana na ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka huo kwenye The Game Awards. Humo ndani unakutana na Jaheira, mwanamke aliyepigana katika zile mbili za mwanzo, sasa akiwa mtu wa makamo makubwa, mwenye makovu na kumbukumbu. Hadithi haikumtii mchezaji wa zamani kwa lolote. Ilimwonyesha tu kwamba kulikuwa na jana.

Jambo hili halitakuwa geni kwa aliyelelewa huku. Kijana akitoka jandoni hurudi na jina jipya, na kumwita kwa jina lake la utotoni ni kumtukana. Ameanza sehemu yake ya pili. Lakini hakuna anayedai kwamba amezaliwa siku hiyo. Mama yake ni yuleyule, na mbuzi aliyempoteza akiwa mdogo bado anajulikana alikuwa wa nani. Jina jipya linamfungua na utoto, halimfungui na watu.

Binamu ana hoja nyingine, na hii inachoma zaidi. Anasema haki ya kulalamika ni ya aliyenunua. Wewe umecheza kwenye kompyuta yangu, hujatoa hata shilingi, unamdai nani? Nimeitafakari sana. Kama tunachodai ni bidhaa, yuko sahihi: asiyelipa hana risiti ya kurudishia. Lakini kumbukumbu hainunuliwi dukani. Mchezaji aliyekaa saa 60 akipima kama amwue mtoto aliyeingiwa na pepo au ahatarishe kijiji kizima, ametoa kitu ambacho bei haikukitaja. Ametoa dhamiri yake, tena kwa sababu aliombwa. Ukimwomba mtu dhamiri yake, unabaki na deni dogo kwake, awe amelipa au hajalipa.

Deni hilo naliona vizuri zaidi nikiangalia mahali ninapoishi, kwa kuwa Nachingwea nayo ni mfululizo wa sehemu zilizoandikwa na watengenezaji tofauti. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ikasukumwa chini kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni milioni 36 zikawa zimekwenda. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vyake vikang'olewa. Kisha wakaja wapiganaji wa FRELIMO na Samora Machel, wakafanya mazoezi hapa hadi Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Leo ni korosho, na Ruangwa wanazungumzia madini ya kinywe.

Kila sehemu mpya hupenda kuanza kana kwamba ardhi ilikuwa tupu. Ramani mpya, wataalamu wapya, ahadi mpya. Mzee aliyefyeka msitu kwa ajili ya karanga hakuombwa maoni kuhusu kilichofuata, na labda hakukuwa na namna ya kumtii. Lakini kambi ya FRELIMO ilikuwa mahali paitwapo Farm 17, na jina hilo la shamba lenye namba lipo hadi leo. Wapiganaji hawakulazimika kulima karanga. Walipigana vita yao wenyewe mahali ambapo jina lake bado linakumbusha kwamba palikuwa na shamba.

Hicho ndicho ninachokidai, kwa gemu na kwa mipango ya maendeleo. Ni dai dogo. Sentensi moja ya mpita njia, barua moja, jina moja lililoachwa mahali pake. Watengenezaji wakiniambia kwamba hata hilo ni gharama kubwa mno, nitawauliza kwa nini basi mwanzoni walinitaka nichague. Na wachezaji wenzangu wakitaka zaidi ya hapo, wakitaka kila mlango ufunguke kwa jina lao, nitawarudishia swali la binamu: mnataka kukumbukwa, au mnataka kutiiwa?