Uso Uliochubuliwa na Swali la Uumbaji

Mwaka 1882 daktari wa ngozi Mjerumani, Paul Gerson Unna, alieleza jinsi asidi ya salisiliki, fenoli na dawa nyingine zinavyochubua ngozi. Kanuni ni ileile hadi leo: dawa hulegeza tabaka la juu, likabambuka, ngozi mpya ikachomoza. Asidi ya glikoli kwa kawaida hugusa juu juu. Fenoli huzama, na ikiingia kwenye damu yaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Je, kuchubua ngozi hivi ni kuubadili uumbaji wa Mungu?

Wanazuoni wa Kiislamu walilikuta swali hili karne nyingi kabla ya Unna. Katika Musnad, mkusanyo wa hadithi wa Imam Ahmad, imo riwaya inayomlaani mwanamke mchubua uso, ingawa wataalamu wa hadithi wameiona dhaifu. Mkabala wake kuna kisa cha sahaba Arfaja, aliyepoteza pua vitani. Pua ya fedha aliyoivaa ilipotoa harufu, Mtume alimwelekeza avae ya dhahabu. Hapo fiqhi ikapata mizani: kuondoa dosari ni tiba, kugeuza umbo kwa urembo tu ni jambo jingine.

Kovu la chunusi, basi, liko upande gani? Anayeuficha uso wake kwa sababu hiyo anaumia kweli, na kumwita mpenda anasa ni ukatili. Kusaka weupe ni habari tofauti kabisa. Hata bibi harusi wa Zanzibar anayesuguliwa singo, mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, hatafuti rangi ya mtu mwingine. Tena ngozi nyeusi ikichomwa na dawa hizi kupita kiasi huweza kubaki na madoa meusi zaidi, ndiyo maana daktari mwangalifu huanza na asidi nyepesi na kusisitiza kinga ya jua.