Kupiga Picha Kaburi la Askari: Je, Ni Halali?



Baadhi yenu mmeuliza kama ni halali kwenda kwenye makaburi ya askari katika nchi ya kigeni na kupiga picha. Swali limetokana na picha alizotuma ndugu yetu aliyehamishiwa Ulaya, kutoka Colleville-sur-Mer, Ufaransa. Pale wamezikwa Wamarekani zaidi ya 9,300, wengi wao waliokufa mwaka 1944 katika mapigano ya Normandy. Wazee walisema kaburini si mahali pa kupigia picha za arusi. Kwa sehemu tunakubaliana nao. Anayesimama pale akicheka, ameegemea jiwe la mtoto wa watu, anajipiga picha yeye mwenyewe, na marehemu amekuwa pambo tu.

Lakini tusiishie hapo. Misalaba ile, pamoja na nyota za Wayahudi, ni ya marumaru nyeupe, na herufi zake hazionekani vizuri katika picha. Basi jamaa wakifika, watunzaji huchukua mchanga wenye maji kutoka ufuko wa Omaha, palepale chini walipoanguka askari wengi, wakausugua ndani ya herufi mpaka jina lisomeke. Ndipo picha inapigwa. Baada ya vita familia ziliulizwa kama mwili urudishwe Marekani au ubaki na wenzake. Si kila mama aliyeuacha alikuwa na nauli ya kuvuka bahari. Kwa mama kama huyo, picha ndiyo kaburi lenyewe. Na pale wako 307 wasiojulikana, ambao hapana jina la kusugulia mchanga.

Je, na adui? Si mbali na hapo, La Cambe, wamelala Wajerumani zaidi ya 21,000, baadhi yao wa kikosi cha SS. Hapo tunasita, maana sisi tuliokimbia watu wenye bunduki hatusemi haya kwa urahisi. Hata hivyo, kuonyesha jina si kusifu matendo ya mwenye jina, na huyo naye alizaliwa na mama. Kuimba sifa za jeshi lake juu ya kaburi ni jambo jingine, nalo tunalikataa.

Linalotuumiza zaidi ni hili. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Uchunguzi wake ulionyesha kwamba watu wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, waliokufa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi waliobeba risasi na unga wa jeshi! Leo mjukuu wao aelekeze kamera wapi?

Ibrahimu alikuwa mgeni Kanaani kama sisi hapa, akalipa shekeli 400 za fedha, mbele ya mashahidi, apate mahali pa kumzika Sara.

Hapa kwetu tunaandika majina kwa rangi kwenye ubao, na mchwa huumaliza kabla ya masika mawili. Dada mmoja alipiga picha ubao wa baba yake wiki ileile ya maziko, akaituma Fizi kwa shangazi zake ambao hawakuweza kuvuka ziwa.