Kidole Gumba Juu ya Jina

Kisa hiki ni cha kutunga, ila mzazi yeyote aliyemo katika kundi la WhatsApp la shule hatapata taabu kukiamini.

Kyebando, upande wa kaskazini wa Kampala, palikuwa na mwalimu kijana katika sekondari moja ya binafsi. Alikuwa mwalimu mzuri. Angekuwa mzembe, kisa hiki kisingekuwa na faida kwetu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, wenzake wengi waliupokea kwa kununa, maana ulileta kazi za vikundi, miradi, na tathmini ya darasani inayobeba asilimia 20 ya matokeo ya mwisho. Yeye aliuchangamkia. Alikuwa amechoshwa na kunakilisha ubaoni, na alishagombana na ofisi juu ya ile desturi ya kusoma alama mstarini kuanzia kwa aliyeshika mkia.

Basi akawapa kidato cha pili mradi: andika juu ya afya nyumbani kwenu, kwa maneno yako mwenyewe.

Msichana mmoja aliandika kurasa mbili. Mama yake hukaanga chapati za mayai, zile ziitwazo rolex, karibu na stendi ya boda ya Kisalosalo. Kila saa mbili usiku mtoto humpelekea kidonge na kikombe cha maji, kwa sababu mama akichoka husahau. Dawa zenyewe huchukuliwa hospitali ya Mulago, asubuhi na mapema, kabla wateja hawajaamka. Aliandika hata namna wanavyobandua karatasi ya jina la dawa kwenye kichupa kabla ya kukitupa.

Ilikuwa insha ya kweli, na mwalimu aliisoma mara mbili. Kisha akaipiga picha aitume kwa wazazi, waone vijana wao wanaweza nini wakipewa nafasi. Alikumbuka kuweka kidole gumba juu ya jina. Kidole kikaziba jina. Hakikuziba chapati, wala Kisalosalo, wala ule mwandiko wa kulalia kushoto ambao darasa zima liliujua. Sifa zikamiminika. Kufika jioni picha ilikuwa imeshavuka kwenda makundi mengine, na mwalimu alipoifuta kwake, huko kwingine ilibaki.

Jumatatu mama alifika shuleni amevaa gomesi, kama mtu anayekwenda kwenye jambo zito.

“Mama, binti yako ana kipaji,” mwalimu alianza. “Wazazi wote wamemsifu.”

“Nimeona wanavyosifu, ssebo. Ila chapati hawanunui tena.”

Mwalimu akaahidi kuomba radhi kwenye kundi siku hiyo hiyo. Mama akakataa. “Ukiomba radhi kule, hata ambaye hakusoma atauliza ni radhi ya nini.”

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019. Kwa kawaida inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuguswa, na habari za afya inaziwekea ulinzi wa ziada. Hapa mtoto alikuwa ametoa ya mama yake pia, na mama hakuulizwa lolote. Shule nyingi huiona sheria hii kuwa mambo ya mabenki na kampuni za simu. Jirani zetu Wakenya walishazinduliwa: Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitangaza kuitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Lakini faini si ndiyo hasara ninayotaka ionekane. Mradi uliofuata, msichana alileta mistari minne juu ya malaria, imenakiliwa kitabuni neno kwa neno. Wenzake nao vilevile. Darasa zima likawa linaishi katika nyumba zisizo na watu: “jamii” inaumwa, “jamii” inanawa mikono. Kwa ufundishaji wa zamani mtoto alirudisha alichopewa ubaoni, na siri za kwao hazikuguswa. Huu mpya unamtaka aingie darasani na kwao kwote, na mafunzo ya walimu yalitumia saa nyingi kueleza jinsi ya kumfungua mtoto azungumze. Mtoto akishazungumza, mwalimu ayaweke wapi aliyoyasikia? Nadhani hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya vikundi na kabla ya chati za ukutani.

Mwalimu alijirekebisha, tumpe haki yake. Muhula uliofuata mwanafunzi aliweza kuandika juu ya kwao au juu ya familia ya kubuni, bila kulazimika kusema ipi ni ipi. Daftari zilirudishwa mkononi mwa mwenyewe, hazikurundikwa tena mezani kila mtu ajichambulie. Cha kusomwa hadharani kiliombwa kwanza kwa aliyekiandika, faraghani, na jibu la hapana halikudaiwa sababu.

Msichana hakuwepo kuyaona hayo. Alikuwa amehamia shule ya mbali, na palipotakiwa sababu ya uhamisho kwenye barua yake, ofisi iliandika: matatizo ya kifamilia.