Nani Anaangalia Ndani?

Kuna kazi katika kipochi cha ngozi ambayo lazima ifanywe mapema kuliko mtu anavyodhania. Ukishakata vipande vyote, yaani mbele, nyuma, kifuniko, mbavu mbili na kile kimfuko kidogo cha kadi kinachokaa ndani, mkono unawasha kushona. Gundi iko tayari, uzi umepakwa nta, msharasi umenolewa. Lakini ukingo wa juu wa kile kimfuko cha ndani, pamoja na kingo za mbavu zinazoingia chini ya kifuniko, zikishashonwa hazifikiki tena. Kijiti cha kusugulia hakiingii, msasa hauingii. Kwa hivyo unaamua sasa hivi, kabla kipochi hakijawa kipochi, kama utazimaliza hizo kingo ama utaziacha jinsi kisu kilivyoziacha. Hakuna cha kusema nitarudia baadaye.

Kwa asiyejua kazi hii, ukingo wa ngozi uliokatwa tu unafanana na mkate uliokatwa. Ukiangalia kwa karibu unaona nyuzinyuzi zimesimama, zingine ndefu, zingine zimechanika. Kuumaliza, unaondoa pembe mbili za ukingo kwa kifaa kidogo chenye makali, unapitisha msasa laini, unalowesha kidogo kwa maji ama gundi ya mti, kisha unasugua kwa kijiti laini cha mbao, mbele na nyuma, haraka, hadi joto la msuguano lilaze zile nyuzi na kuzishikanisha. Ukifika hapo unaujua kwa sauti, kijiti kinaacha kukwaruza na kuanza kuteleza. Mwisho ni nta ya nyuki na kipande cha jinzi kuukuu, na ukingo unang'aa kama punje ya kahawa iliyokaangwa.

Hiyo ni kwa ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Hapa kwetu mti wenyewe ni muwati, ule ambao Wakikuyu wanauita muthanduku, uliotoka Australia na kupandwa kwa wingi kule Kati na maeneo ya Eldoret kwa ajili ya magome yake. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromi, ambayo ndiyo nyingi duniani siku hizi kwa sababu inakamilika haraka, haisikii maji wala kijiti. Hiyo unaipaka rangi ya kingo, unangoja ikauke, unapiga msasa, unapaka tena. Kwa vyovyote vile ni muda. Nashonea sebuleni kwangu Umoja, jioni na wikendi, na nimejipima: kingo za ndani peke yake zinanichukua dakika 25 kwa kila kipochi.

Swali ni kwa nini mtu azitoe hizo dakika.

Jibu la kwanza ni la kifundi. Ukingo usiosuguliwa unafyonza unyevu, nyuzi zinafumuka, mwishowe tabaka zinaanza kuachana. Ni kweli, lakini tusidanganyane. Ndani ya kipochi hakunyeshi, na hakuna kinachogonga ukingo wa ndani kila siku kama ule wa nje. Nimeshika mikoba ya miaka mingi ambayo ndani iliachwa hivyo hivyo na bado inabeba mizigo. Kama sababu ni uimara tu, dakika zangu 25 zingefaa zaidi nikikaza mishono.

Jibu la pili nilipewa Kariokor, kwenye kibanda cha mzee aliyenionyesha kushika msharasi. Nilimuuliza, Mzee, kwani ndani kuna mtu anaangalia?

"Mungu anaona, kijana wangu."

"Na kodi ya kibanda je?"

"Hiyo pia anaiona."

Akacheka, akarudi kwa kazi yake. Na kazi iliyokuwa mbele yake, wacha niseme wazi, ilikuwa mikoba 30 ya mtu wa kuuza tena, na kingo zake za ndani zilikuwa ghafi kabisa. Kuna wasomaji watakaomwita mnafiki. Mimi sioni hivyo. Alikuwa amelipwa bei ya mkoba ghafi, na yule Mungu anayeona ukingo anaona pia ile bei waliyopatana. Maadili mengi tunayohubiriwa kuhusu kazi safi yanamwangalia fundi peke yake, kama kwamba yeye ndiye aliyepanga bei ya unga.

Jibu la tatu ndilo linalopendwa sana mitandaoni: unafanya kwa ajili yako mwenyewe. Watu wa teknolojia hapo watakutajia Steve Jobs, aliyesimulia kwamba babake alimfundisha kutengeneza vizuri hata upande wa nyuma wa kabati na wa ua. Kompyuta ya Macintosh ya 1984 ilikuwa na saini za walioitengeneza zimechorwa ndani ya kasha, mahali mnunuzi wa kawaida asipofika. Hadithi tamu. Ila saini ni saini, mtu huitia akijua kuna siku itasomwa. Na kompyuta iliyouzwa dola 2,495 mwaka huo ilikuwa na nafasi ya kugharamia upande wa ndani. Ukimwambia kijana anayelipwa kwa kipande kwamba afanye kwa ajili ya nafsi yake, unamwomba akukopeshe bila riba.

Wahenga nao walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii inanisumbua. Mkakasi ni chombo cha mti, sasa walitarajia nini ndani? Kuwa mti si kosa. Kipochi ambacho ndani ni ngozi ya kawaida, upande wa nyama, bila bitana wala nakshi, hakijamdanganya mtu. Kwa hivyo sidhani swali letu ni kama ndani panalingana na nje kwa uzuri. Swali ni nani atakayekaa na hiyo ndani, na alikuwa na sauti gani wakati inatengenezwa.

Plato, kwenye kitabu cha pili cha Jamhuri, anamleta Glaukon na hadithi ya mchungaji aliyepata pete ya ajabu. Akigeuza kichwa cha pete kuelekea ndani ya kiganja, haonekani. Kwa muda mfupi tu anamtongoza malkia, anamuua mfalme na kuchukua kiti. Glaukon anauliza, je, mwenye haki na asiye na haki wakipewa pete kama hiyo, utaona tofauti yoyote? Hadithi hii hufundishwa kama swali kuhusu mchungaji: yeye ni mtu wa aina gani? Tangu nianze kushona naisoma nikiangalia upande wa pili. Fundi hahitaji pete. Akishona mshono wa mwisho, kazi yake ya ndani haionekani, na hapo ndipo mtu mwingine anaanza kuitumia.

Hebu fikiria jinsi kipochi kinavyonunuliwa. Mnunuzi anatumia macho. Anakigeuza, anainua kifuniko, anapitisha dole gumba kwenye ukingo wa nje, anasema, eh, kazi safi, halafu mnaanza kusumbuana bei. Wiki moja baadaye mtu huyo huyo yuko ndani ya matatu, usiku, taa zimezimwa, na anatafuta kadi bila kuangalia. Sasa anatumia vidole. Vidole vinafika pale macho hayakufika, vinafika kila siku, mara kumi kwa siku. Ukingo wa nje namfanyia mtu ambaye bado anaweza kukataa. Ule wa ndani namfanyia mtu ambaye ameshalipa na hawezi tena kunifanya kitu. Sijui kama kuna kipimo kingine cha heshima ninachokiamini kuliko hicho: unamtendeaje mtu baada ya nguvu yake juu yako kuisha?

Lakini nimesema bei ina nafasi yake, na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu. Januari iliyopita, ile wengi tunaiita Njaanuari, dada mmoja aliletwa kwangu na rafiki yangu wa mtaani. Alitaka vipochi 40, zawadi za wageni wa arusi ya mdogo wake. Vyenye kimfuko cha ndani na kifuniko, kama sampuli niliyokuwa nayo. Nikamwambia shilingi 1,500. Akasema bajeti ni 1,100 na hawezi kuzidisha hata bob. Nikapiga hesabu. Dakika 25 mara 40 ni karibu saa 17. Nikitoa kazi ya kingo za ndani, 1,100 inawezekana, na faida kidogo inabaki.

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, nikampitisha kidole kwenye ukingo uliosuguliwa na kwenye ulio ghafi. Akaelewa vizuri tu. "Wacha hizo za ndani," akasema. "Kwani nani ataangalia ndani?"

Ukifuata mantiki ya soko, mambo yameisha hapo. Mteja ameelezwa ukweli, amechagua, hakuna aliyedanganywa. Ningekubaliana na mantiki hiyo kama kipochi kingekuwa chake. Lakini alikuwa anachagulia vidole vya watu wengine 40 ambao hawakuwa kwenye mazungumzo, na ambao wangekipokea kwa shukrani, kwa sababu zawadi haipingwi. Ridhaa yake ilitosha kwa pesa zake. Kwa ukingo haikutosha.

Sikusema hayo kwa sauti, kwani mtu hahubiriwi akija kuagiza kazi. Nilimpa njia nyingine: kipochi cha kipande kimoja cha ngozi kinachokunjwa mara mbili, mshono mmoja kila upande, bila kimfuko cha ndani. Ukingo wa mdomo uko nje, nausugua kikiwa bado bapa, na bei inafika 1,100. Ndiyo namna ninayoipenda ya kufanya kitu cha bei ya chini. Unapunguza sehemu zilizofichika, badala ya kuziacha zikiwa nyingi halafu unazijaza kazi mbovu. Kitanda cha mbao kisicho na droo kinaweza kuwa cha bei nafuu na kikawa cha kweli kabisa, na nyumba ya chumba kimoja vilevile.

Alikishika, akakigeuza, akakirudisha mezani. "Hiki kinakaa cha bei rahisi."

Na hapo alikuwa sahihi, kwa sababu kilikuwa cha bei rahisi na kilikaa hivyo. Alichotaka yeye ni cha 1,100 kinachokaa cha 1,500, na katika mji huu atakipata kabla ya saa nane mchana. Akakipata. Ilikuwa kazi ya shilingi 44,000, na Januari hiyo nililipa kodi kwa awamu. Fundi aliyeichukua simlaumu hata kidogo. Kwa bei ile alifanya kazi nzuri: mishono imenyooka, ukingo wa nje unang'aa, kifuniko kinalala vizuri.

Najua kwa sababu yule rafiki yangu wa mtaani alikuwa mmoja wa wageni, na kipochi anacho hadi leo. Anakipenda. Anabebea kadi, funguo na lip balm. Kama hadithi hii ingekuwa ya kufundisha watoto, kipochi kingekuwa kimepasuka mwezi wa tatu. Hakijapasuka wala hakionyeshi dalili, na hilo lilinitia shaka kwa muda mrefu. Kama mwenye kipochi ana furaha, mimi nilikuwa natetea nani?

Halafu siku moja akaniuliza, kwa aibu kidogo, kama kuna dawa ya kuosha ngozi kwa ndani. Kila akitoa lip balm inatoka na vumbi vumbi la rangi ya udongo, na kucha zake zinabaki nalo. Alidhani ni uchafu wake. Alikuwa ameacha kuweka sarafu humo akidhani zinachafua, na alikuwa amekipangusa kwa kitambaa chenye maji mara kadhaa, jambo ambalo, kwa ukingo ghafi, linainua nyuzi zaidi.

Hilo ndilo sikuwa nimeliweka kwenye hesabu. Kazi ya nje ikiwa mbaya, mwenye kitu anajua amlaumu nani. Ya ndani ikiwa mbaya, anajilaumu mwenyewe. Mpangaji anayeona ukuta wa bafu umeota ukungu anaambiwa hafungui dirisha, wakati bomba lilifungwa vibaya ndani ya ukuta kabla hajahamia. Anaanza kufungua dirisha. Anaoga haraka. Anaomba msamaha akipata wageni.

Nilimwambia si uchafu wake, ni nyuzi za ngozi zenyewe, na aniachie kipochi hadi Jumapili. Kukifumua chote na kukishona upya ni kazi kubwa kuliko kukitengeneza, na matundu ya sindano yangechanika. Nilichoweza ni kuwasha nta kidogo, kuipaka kwenye kijiti cha mshikaki nilichokipiga msasa, na kusugua ukingo wa kile kimfuko taratibu kupitia mdomoni. Juu pamelala vizuri. Kwenye kona za chini, pale mbavu zinapokutana, kijiti hakifiki. Vumbi limepungua lakini halijaisha, na nilimwambia hivyo nilipomrudishia.