Alikuwaje Darasa la Pili?

Mwaka 2015 alinijia mama mmoja niliyemfundisha zamani. Alipokwisha kuniamkia alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza. Mwanawe wa miaka 19 hakuwahi kutulia na kitabu. Sasa, kwa miezi kadhaa, husikia jina lake likiitwa chumbani na hamna mtu. Kisha hujitilia shaka mwenyewe, akasema labda ni upepo. Daktari wa magonjwa ya akili alisema kijana hajarukwa na akili, ila yumo hatarini. Halafu akauliza: "Alikuwaje darasa la pili?" Mtoto huyo naye alipitia mikononi mwangu, ndiyo maana mama akaja.

Swali hilo si la kupitisha muda. Kushindwa kukaza mawazo huonekana katika hali zote mbili. Mwenye ugonjwa wa kutotulia huwa hivyo tangu utotoni. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Bali kijana aliyekuwa msikivu, kisha mawazo yakaanza kumtawanyika ujanani, huyo ni wa kutazamwa kwa jicho jingine. Wapo pia wenye yote mawili, na hapo ndipo tiba inapokuwa ngumu. Dawa za kusaidia umakini, kama methilfenideti na amfetamini, huongeza nguvu ya dopamini katika ubongo. Dawa za kutuliza wazimu huizuia. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba katika vijana 660 hivi walioanzishiwa dawa hizo za umakini, mmoja alipatwa na wazimu, na amfetamini ilizidi. Ni wachache. Lakini anayesikia sauti tayari hawezi kuhesabiwa sawa na wengine.

Mama alikuwa amehifadhi ripoti zote za mwanawe. Nikazifungua. Darasa la pili: "Mvivu. Ajitahidi." La tatu: "Mvivu." Mwandiko ni wangu.

Pengine msomaji atanitetea, kwamba darasa lilikuwa na watoto 90 na nafasi ya maoni ni mstari mmoja. Ni kweli. Lakini mstari huo huo ungetosha kuandika: "Huanza hesabu vizuri, ya nne huiacha akatazama dirishani." Hayo ni maneno ambayo daktari angeweza kuyatumia. "Mvivu" si habari ya mtoto hata kidogo; ni hukumu juu ya nia yake, na nia ya mtoto wa miaka minane mimi niliionea wapi?

Kisha mama akauliza lililomleta hasa: "Mwalimu, nimwambie, au nimfiche?"

Sikujibu upesi. Wengi wa vijana walio katika hali hiyo hawafiki kwenye wazimu. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2012 zilionyesha kiasi cha 29 katika 100 baada ya miaka miwili, na hesabu zilizofuata zimekuwa za chini zaidi. Kumwita kijana mgonjwa kwa jambo ambalo yaelekea halitampata ni kumwongezea jina baya juu ya lile nililompa mimi. Hata madaktari wa Marekani, mwaka 2013, walibishana na kuiweka hali hiyo miongoni mwa mambo yanayohitaji uchunguzi zaidi.

Lakini sauti alikuwa akiisikia yeye, si sisi. Kumficha mtu jambo analolisikia kwa masikio yake ni kumwacha peke yake nalo. Tena ipo bangi, ambayo huongeza hatari hiyo. Atajihadhari nayo vipi asipojua sababu? Basi nilimwambia mama: mwambie, ila asimwambie atakuwa nani.

Nikachukua karatasi nimwandikie daktari ninayoyakumbuka ya darasa la pili. Niliandika mambo matatu. La tatu sikuwa na hakika nalo, nikalikata.